Mpiga Solo Sebuleni

Anneth alipochungulia dirishani na kumwona Lengai akiingia getini na gitaa mgongoni, aliliachia pazia. Walikuwa wamekubaliana. Aje na shati lake jeupe, aje na heshima zake zote, lakini gitaa libaki kwao Ngaramtoni. Sasa huyo hapo, shati jeupe kweli, dumu dogo la asali mkononi, na lile gitaa lake la rangi ya chai limemkalia mgongoni kama mtoto aliyekataa kuachwa nyumbani.

Alitoka mbio na kumkuta bado yuko barazani akijifuta vumbi la viatu. Akamuuliza kwa mnong'ono kama amerukwa na akili. Lengai akamweleza, naye kwa mnong'ono, kwamba ametoka moja kwa moja kanisani alikopiga katika ibada ya pili, na kwamba mwenye ufunguo wa chumba cha vyombo vya muziki aliondoka mapema kwenda kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Angeliacha wapi gitaa? Juu ya mti?

"Basi baba akikuuliza, sema unapiga ridhimu," Anneth alimwambia. "Nakuomba, Lengai. Neno hilo moja tu."

Lengai alimtazama kwa yale macho yake matulivu, macho ambayo kwa miaka miwili yalikuwa yakimfanya Anneth asahau hesabu za dawa pale dukani kwake Levolosi. Wakati ule ule mama yake Anneth, Bi. Anande, alifungua mlango, na mgeni akakaribishwa ndani, yeye na mzigo wake.

Msomaji asimwone Anneth mwoga bure. Katika nyumba ile ya Kaloleni baba yake, Mzee Elihuruma, alikuwa ametamka neno moja kuhusu wachumba wa binti yake wa mwisho, na neno hilo halikuwa na kona. Aje fundi, aje mkulima, aje hata mchimba makaburi, mwanamuziki hapana. Na ukitaka kujua ubaya wa neno hilo, Mzee Elihuruma mwenyewe alikuwa mwanamuziki. Kabla hajawa muuza vipuri vya magari anayejulikana mji mzima, alipiga gitaa la ridhimu katika Themi Jazz, bendi iliyojaza kumbi za Arusha mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu wakacheza mpaka viatu vikaachia soli.

Mpiga solo wa bendi hiyo aliitwa Abdiel, na Abdiel alimchumbia Ndeshi, dada mdogo wa Elihuruma. Mahari ilishazungumzwa. Ndeshi alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa huko Usa River, ana mimba changa na furaha nzima, pale bendi moja ya Nairobi ilipomtupia Abdiel ndoano. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida. Bendi ziliibiana wapiga solo kama majirani wanavyoibiana wasichana wa kazi. Abdiel alisema anakwenda kuangalia mazingira na kwamba angemwita mchumba wake. Hakumwita mtu. Themi Jazz ikabaki bila solo na ikafa taratibu, Ndeshi akamlea mwanawe peke yake, na Elihuruma akarudisha gitaa kwa mwenye vyombo vya bendi na hakugusa waya tena. Tangu hapo alikuwa na elimu yake mwenyewe kuhusu wanadamu. Mpiga ridhimu anakaa, alisema. Mpiga solo anapita. Kama angemvumilia mwanamuziki yeyote, basi ni wa ridhimu tu.

Na Lengai, wapendwa, alikuwa mpiga solo.

Wiki nyingi Bi. Anande alimbembeleza mumewe amwone kijana huyo wa muziki wa kanisani, hata mara moja, hata kwa nusu saa. Mwishowe mzee alikubali, kwa sura ya mtu anayekubali kung'olewa jino. Jibu lingetoka siku hiyo. Anneth naye alikuwa amemwambia Lengai ukweli bila kuupaka sukari: hatatoroka, hataolewa kwa siri bomani, na bila baraka za baba yake hatoki nyumbani. Wakakubaliana kwamba mzee akikataa wataachana, kuliko kuzungushana mpaka wachukiane. Walilisema hilo wakiwa wameshikana mikono, kisha kila mmoja akageuza uso upande wake. Kwa hiyo unaweza kufikiri mapigo ya moyo wa Anneth yalivyokuwa alipokuwa akiweka vikombe mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti."

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Mzee aliuliza kuhusu wazazi, akaambiwa kwamba wapo Ngaramtoni, wanalima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe. Aliuliza kuhusu kanisa, akaridhika kusikia kwamba ni Walutheri wenzao. Aliuliza kuhusu kazi, na Lengai akaeleza kibanda chake cha kutengeneza redio na vipaza sauti karibu na soko. Shangazi Ndeshi alikuwa jikoni akimalizia machalari, na harufu ya ndizi na nyama ilikuwa imeanza kulainisha hewa. Anneth alikaa pembeni ya mama yake akihesabu kila neno lililopita salama. Kisha baba yake akaelekeza kidole kwenye kona ya kochi.

"Na hilo?"

"Ni gitaa, mzee."

"Macho bado ninayo. Nauliza unapiga nini."

Anneth alimkazia macho Lengai mpaka yakamuuma. Neno moja tu. Lengai alimtazama, akamtazama mzee, akaweka kikombe chini.

"Napiga solo, mzee. Kanisani, na jioni za mwisho wa wiki hotelini, kwa watalii. Ridhimu naijua, lakini nikisema ndiyo ninayopiga nitakuwa nimeanza kwako na uongo."

Bi. Anande alifumba macho. Anneth alihisi machozi yakimpanda, na kwa dakika ile alimchukia Lengai kwa moyo wote kwa sababu ya kitu kile kile alichompendea. Mzee Elihuruma aliegemea kiti chake. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Alianza kusimulia, kwa sauti ya taratibu, habari za Themi Jazz: jinsi solo anavyosimama mbele ya jukwaa na kushangiliwa, jinsi wasichana wanavyomtuza, jinsi bendi nyingine zinavyomnong'oneza. Mwenye ridhimu yuko nyuma yake, anashika kodi zake tatu, nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, usiku kucha ili mwenzake apate mahali pa kuchezea, na hakuna anayejua hata jina lake. Mwenye solo hajifunzi kungoja mtu, alisema mzee. Wanamngoja yeye.

"Sina ubaya na wewe, kijana," alimalizia. "Umekuja kwa heshima na nimekupokea kwa heshima. Utakula, kisha utakwenda salama. Lakini binti yangu..."

"Kaka."

Shangazi Ndeshi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, kanga kiunoni. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mcheshi, na si mtu wa kumkatiza kaka yake. Kwa sababu hiyo hasa wote waligeuka.

"Mgeni hahukumiwi kabla hajala," alisema. "Na mpiga gitaa hahukumiwi kabla hajapiga. Mwanangu, tupigie kitu cha zamani, na mimi huku nikoroge."

Lengai aliomba ruhusa kwa macho, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akalichukua gitaa na kuliweka pajani. Lakini badala ya kupiga akaanza kulegeza nyuzi. Aliulegeza wa kwanza, akausikiliza, akaulegeza wa pili, akashuka hivyo hivyo mpaka wa sita, bila haraka. Anneth hakuelewa. Aliona tu kidole cha baba yake kikianza kugonga mkono wa kiti.

Kuna mambo mtu hawezi kuyavumilia, hata akiwa amenuna. Mwokaji hawezi kuona mkate ukiungua akanyamaza.

"Mbona unashusha gitaa zima?" mzee aliuliza. "Lilikuwa sawa."

"Wimbo huu naujua hapa chini, mzee. Nikiupiga juu sioni pa kushika."

Akapiga.

Ulianza polepole, kama nyimbo za dansi za wakati ule zinavyoanza, mkono wa kulia ukikatakata kodi kwa wepesi kama mtu anayechambua mchele. Anneth hakuwahi kuusikia. Lakini alimwona mama yake akiacha kumimina chai, birika likabaki hewani. Akamwona baba yake akishika mikono ya kiti kana kwamba nyumba imeanza kutembea. Na kutoka jikoni ile sauti ya mwiko kwenye sufuria ikakoma.

Lengai hakuona lolote. Alikuwa ameinamisha kichwa, akaimba kwa sauti ya chini: "Nisubiri Usa, mpenzi, nitashuka na basi la kwanza..."

"Nani kakufundisha huo?" Mzee Elihuruma alikuwa amesimama.

Lengai akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. Alimtazama mzee, akamtazama Anneth aliyekuwa ameshika mdomo, akatambua kwamba amekanyaga pabaya ingawa hakujua ni wapi. Akajibu kwamba hakufundishwa na mtu. Baba yake alikuwa na kaseti moja, iliyorekodiwa kutoka redioni zamani, haina jina la bendi wala la wimbo. Walikuwa na redio kaseti ya betri, maana umeme ulikuwa haujafika kwao, na yeye akiwa mtoto aliutafuta wimbo huo kwenye gitaa la kubuni la debe na nyaya za breki ya baiskeli, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaupata wote.

"Wote kwa makosa," mzee alisema kwa ukali. "Wimbo huo uko kwenye G. Wewe umeuweka nusu toni chini. Hakuna bendi duniani iliyopiga hivyo."

"Najua, mzee. Nilikuja kulijua nilipoingia kwaya, kinanda kikanikatalia." Lengai alisita, kisha akatabasamu kwa aibu. "Ni betri. Zikichoka tulikuwa tunazianika juani, koko, bibi yangu, ndiye aliyekuwa akizilinda kuku wasizidonoe. Zikirudi zinarudi nusu, kaseti inazunguka kivivu, bendi nzima inashuka. Mimi sikujua. Nikalegeza gitaa langu mpaka likakubaliana na betri."

Kisha ikatokea sauti ambayo Anneth hakuitarajia siku hiyo. Mama yake alikuwa anacheka. Alijaribu kuzuia kwa kanga, ikashindikana, na mzee alipomgeukia kwa hasira akakuta mdomo wake mwenyewe unamsaliti. Betri! Aliketi chini akitikisa kichwa. Wapiga gitaa wa Tanzania nzima wangalisikia hilo wangalianguka kwa kicheko.

"Na hapo nyuma," mzee aliuliza, sauti imeshuka, "huo mkato wa mkono wa kulia. Umeutoa wapi?"

"Kwenye kaseti hiyo hiyo, mzee. Solo ilikuja baadaye. Nilijifunza ridhimu kwanza, kwa sababu nilikuwa peke yangu, na bila ridhimu hakuna wimbo. Huyo bwana aliyepiga sijui ni nani. Lakini mkono wangu ni wa kwake."

Mzee Elihuruma aliangalia mikono yake miwili, ile ya kuuzia vipuri, yenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Bi. Anande ndiye aliyesema, kwa upole, akimwambia Lengai huku akimtazama mumewe:

"Huyo bwana amekaa mbele yako, mwanangu."

Lengai aliinuka mzima mzima, gitaa mkononi. Alikuwa kijana mrefu na sasa hakujua urefu wake auweke wapi. Akainama mbele ya mzee, kichwa chini kama kwao wanavyoinamia wakubwa, na mzee, bila kufikiri, akamwekea mkono utosini. Anneth alishusha pumzi ya kwanza tangu alipochungulia dirishani. Lakini hakuthubutu kufurahi, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado halijatajwa, na lilikuwa limesimama mlangoni na mwiko.

Shangazi Ndeshi aliingia na kuketi kwenye kiti cha karibu. Macho yake yalikuwa makavu.

"Rudia," alimwambia Lengai.

"Mama, kama wimbo huu una..."

"Rudia, mwanangu. Na usiupandishe. Acha hapo hapo betri zilipokuachia."

Lengai alimtazama mzee. Mzee aliangalia sakafuni. Akaanza tena, taratibu zaidi, na ulipofika mstari wa kwanza Ndeshi akaushika. Wimbo aliotungiwa na Abdiel, wenye ahadi zake zote, wimbo ambao katika nyumba ile ulikuwa umezikwa hata watoto wasiujue, aliuimba wote. Sauti yake ilikuwa nzito na imechakaa pembeni, na pale chini ilipata nafasi ya kukaa. Juu asingefika. Umri ulikuwa umemshusha naye nusu toni. Lengai alimsikiliza kuliko alivyosikiliza gitaa lake. Ndeshi aliposita ili avute pumzi, alimngoja, na kodi zikamngoja pamoja naye. Ilipofika zamu ya solo, mahali ambapo Abdiel alikuwa akiwapagawisha watu, Lengai hakuipiga. Aliendelea kukata ridhimu, akimwachia mama huyo uwanja wote.

Anneth aliona baba yake ameliona hilo.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Ndeshi alijifuta jasho kwa pindo la kanga.

"Kaka, Abdiel aliniacha mimi," alisema. "Hakukuacha wewe."

"Najua hivyo."

"Hujui. Umemnunia miaka yote hii kwa niaba yangu, na hujawahi kuniuliza kama bado naumwa."

Mzee alinyanyua macho. Ilimchukua muda kulitoa swali hilo. "Bado unaumwa?"

"Nilipona zamani. Mwanangu hajaanza hata shule nilikuwa nimeshapona. Nilikuwa nikiona aibu kukuambia, maana uliacha gitaa kwa ajili yangu. Nikasema nikikuambia nimepona, utaona umeacha bure. Basi nikawa nakaa na huzuni ambayo sina, ili usijisikie vibaya." Alicheka kidogo, na hapo ndipo machozi yakamtoka. "Nimechoka kuibeba, kaka. Usimbebeshe na mtoto."

Mzee Elihuruma alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akaikunja, akairudisha mfukoni. Anneth hakuwahi kumwona baba yake akilia na hata sasa hakuwa na hakika kama amemwona. Lakini mabega yake, yale mabega yaliyokuwa yamekaza tangu mgeni aingie, au pengine tangu kabla Anneth hajazaliwa, yalikuwa yametua.

"Wewe," alimwambia Lengai. "Wakikuita Nairobi kesho, utafanyaje?"

"Nilishaitwa, mzee. Si Nairobi, Zanzibar, mwaka jana, hoteli kubwa. Siwezi kukuahidi kwamba sitaitwa tena. Ninachoahidi ni kwamba Anneth atajua kabla sijamjibu anayeita, na tukienda tutakwenda wawili. Mwaka jana hakutaka, nikabaki. Muulize."

Mzee hakuuliza. Alimtazama binti yake, na Anneth akaitika kwa kichwa.

"Mpiga ridhimu angeniambia haendi popote," mzee alinung'unika.

"Na angekuwa anakudanganya," Ndeshi alisema, akainuka kwenda kuangalia sufuria yake.

Walikula. Machalari yalikuwa yameshika chini kidogo kwa sababu ya muziki, na hakuna aliyelalamika. Mezani mzee alimsimulia Lengai jinsi Themi Jazz walivyorekodi wimbo ule, wote mbele ya kipaza sauti kimoja, mpiga ngoma akiwekwa mbali kabisa ili asiwazime wenzake, na Lengai akauliza maswali ya fundi, na mzee akayajibu akichora kwa uma juu ya kitambaa cha meza. Bi. Anande alimfinya Anneth chini ya meza. Hakuna aliyetaja ndoa. Anneth alikula ndizi zake bila kuzihisi ladha, akingoja.

Ilikuwa baada ya kunawa mikono ndipo mzee alipokohoa na kukaa wima, kwa sura ya mtu anayetaka kusema jambo rasmi.

"Waambie wazee wako nasubiri mshenga," alisema. "Waje kabla mvua hazijaanza, barabara ya kwenu naijua. Na hiyo asali uliyoleta ni kidogo. Waongeze."

Lengai alisema ahsante mara nyingi kuliko inavyohitajika. Anneth alikusanya sahani, akazipeleka jikoni, akaziweka kwenye beseni, kisha akamwegemea shangazi yake begani na kulia kama mtu aliyepona homa, na shangazi akampigapiga mgongoni kwa mkono uliolowa sabuni. Uzito aliokuwa akilala nao na kuamka nao kwa miaka miwili ulikuwa umeshuka wote kwa mara moja, na mwili haukujua ufanye nini na wepesi ule.

Jua lilikuwa limeanza kuulainisha Mlima Meru wakati mgeni alipoaga. Siku zote hizo, Anneth alikuwa akimwona Lengai kwa kuibia: dakika kumi nyuma ya duka, dakika tano nje ya kanisa, jicho moja likiangalia nani anapita. Sasa alisimama mlangoni hajui kama inafaa avuke kizingiti. Baba yake alikuwa amerudi kwenye kiti chake, amefumba macho, vidole vya mkono wa kulia vikikata kitu polepole juu ya goti.

"Anneth," aliita bila kufumbua macho. "Mgeni hasindikizwi na mlango. Nenda naye."

"Ndiyo, baba."

"Na usiharakishe kurudi."